"Haina shida": pembe ya farasi wa kioo na adabu ya mwenyeji



Juma lililopita mdogo mmoja, finalisti wa Kiingereza, aliniandikia kando. Alikuwa na swali moja tu na mtihani ulikuwa kesho yake: katika The Glass Menagerie ya Tennessee Williams, yule farasi wa kioo mwenye pembe anamaanisha nini? Nilimjibu ndani ya dakika mbili, maana jibu hilo ninalo kichwani tangu nilipokuwa mwanafunzi Butembo. Farasi ni Laura. Pembe ni mguu wake mbovu na haya zake. Pembe ikivunjika, Laura anafunguliwa, anakuwa mtu kama watu. Mimi mwenyewe nilipewa alama nzuri kwa maneno hayo. Mdogo akanishukuru, akaenda kulala. Mimi ndiye sikulala. Saa nane za usiku nilikuwa nimekaa kitandani na simu mkononi, nikisoma upya onyesho la saba, na nikaona kwamba nimempa mtoto wa watu jibu bovu.

Mtihani umepita, lakini nasahihisha hapa mbele ya wote, kwa sababu najua si sisi wawili tu tuliokariri jibu hilo.

Kwa ambao hawajausoma: ni mchezo wa nyumba moja, watu wanne, maonyesho saba. Ulichezwa mara ya kwanza Chicago tarehe 26 Desemba 1944, ukaingia New York mwezi wa tatu mwaka 1945, na hapo ndipo jina la Williams lilipopanda. Wafaransa wanauita La Ménagerie de verre. Familia ya Wingfield inapanga nyumba katika mji wa St. Louis, Marekani, miaka ya 1930, wakati kazi zimekauka. Baba alikuwa mtu wa kampuni ya simu. Siku moja akaondoka, na kilichobaki ni picha yake ukutani, inacheka, na kadi aliyotuma kutoka Mexico yenye maneno mawili tu, moja la salamu na moja la kuaga. Mama, Amanda, anatafuta pesa ndogo ndogo kwa kupigia wanawake simu ili wajiandikishe kununua magazeti. Angekuwa Butembo angekuwa na kameza kake ka kuuza uniti pembeni ya barabara, na angejua habari za kila nyumba ya kartie. Tom, mtoto wa kiume, anafanya kazi kwenye ghala la viatu na roho yake iko baharini. Halafu Laura, dada yao mkubwa. Mguu wake mmoja una hitilafu. Mama alimlipia ada ya dola 50 asome uchapaji. Siku ya jaribio la kwanza alitapika, hakurudi tena, na kwa majuma mengi akawa anatoka asubuhi kama anaenda shule, kumbe anazunguka bustanini kuangalia wanyama na maua. Nyumbani ana wanyama wake wadogo wa kioo kwenye rafu. Anawapangusa, anawapanga, anapiga santuri za zamani za baba yake.

Kati ya wanyama hao kuna mmoja anayempenda kuliko wote: farasi mwenye pembe moja katikati ya paji la uso. Kiswahili hakina jina la mnyama huyo, na ni haki, kwa sababu hayupo popote duniani. Nitamwita farasi wa pembe.

Onyesho la saba mnalijua. Tom ameleta mgeni kutoka kazini, Jim, na mgeni huyo kumbe ndiye kijana ambaye Laura alimpenda kimya kimya shuleni. Umeme umekatika, kwa sababu Tom alichukua pesa za bili akajilipia chama cha mabaharia. (Sisi wa Butembo tulipofika hapo darasani tulicheka sana. Kwetu umeme kukatika si alama ya kitu chochote, ni Jumanne tu.) Jim na Laura wamekaa chini, mshumaa katikati yao. Laura anamwonyesha farasi wa pembe. Jim anamchukua, wanaongea juu yake, anamweka mezani. Kisha Jim anamwinua Laura wacheze muziki unaotoka kwenye ukumbi wa dansi ng'ambo ya kichochoro. Wanagonga meza. Farasi anaanguka, pembe inakatika. Laura anasema, kwa maneno yake, kwamba haina shida, labda hata ni baraka. Atajifanya kwamba farasi amepasuliwa na daktari, ameondolewa pembe ili asijione kituko, na sasa atakuwa na raha zaidi na wenzake wasio na pembe.

Hapo ndipo jibu letu la mtihani linaposimama. Laura mwenyewe amesema ni baraka, basi ni baraka. Amepona.

Sasa rudini nyuma ukurasa mmoja au miwili, mahali ambapo hatukuwa tunasoma kwa sababu asistanti alikuwa ameshapita. Jim anapomshika farasi kabla hajavunjika, ni yeye Jim anayesema kwamba mnyama wa namna hiyo, peke yake na pembe yake, lazima anajisikia mpweke. Laura anamjibu nini? Kwamba hapana, yule halalamiki. Anakaa rafu moja na farasi wasio na pembe na wote wanapatana vizuri. Hajasikia ugomvi wowote kati yao. Anasema hivyo kwa utani mdogo, na ndiyo mara ya kwanza katika mchezo mzima tunamsikia Laura akitania.

Mnaona tatizo? Kabla ya kuvunjika, farasi wa pembe hakuwa na shida na wenzake. Baada ya kuvunjika, Laura anasema sasa ndipo atakaa nao vizuri. Maneno ya pili yanapingana na ya kwanza. Na wazo la kwamba farasi ni mpweke halikuwa la Laura hata kidogo, lilikuwa la Jim. Laura ameokota wazo la mgeni na kumrudishia mgeni, ili mgeni asijisikie vibaya.

Kuna mtu hapa ambaye hajawahi kuona jambo hilo? Mgeni anakuja nyumbani kwenu, mama anafungua vitirini, anatoa glasi zile ambazo nyinyi watoto hamruhusiwi hata kuziangalia karibu. Mgeni anatingisha kiwiko, glasi inaanguka. Salo nzima inanyamaza. Nani anaongea wa kwanza? Mama. Anasema nini? "Haina shida, baba, ni kitu tu. Hata ilikuwa ya zamani." Na kama mgeni ni wa heshima kweli kweli, anaongeza kwamba ni bahati, glasi ikivunjika ni baraka imeingia. Mgeni anatulia, anaendelea na hadithi yake. Mama anaenda jikoni kuleta ufagio. Mkitaka kujua ile glasi ilikuwa kitu gani kwake, msisikilize alichosema salo, mfuateni jikoni.

Laura amefanya hivyo hivyo. Ni mwenyeji, na anamfariji aliyevunja. Sisi tukaandika kwenye karatasi za mtihani kwamba amepona.

Nilipofika hapo usiku ule nilitafuta kama mchezo wenyewe unanipa haki, au kama ni mimi ninauvutia Butembo kwa nguvu. Nikakumbuka onyesho la tatu. Tom anagombana na mama yake, anamtukana, anatupa koti kwa hasira, koti linapiga rafu na vioo vinavunjika. Laura anapiga kelele kama mtu aliyejeruhiwa. Amanda hata haoni, yeye bado amekwama kwenye tusi. Tom anapiga magoti anaokota vipande, anamwangalia dada yake kama anataka kusema kitu, hasemi. Kisha mwishoni kabisa, mgeni ameshaondoka, mama na mwana wanagombana tena, na Tom anapiga glasi yake ya kunywea chini kabla ya kutoka. Laura anapiga kelele tena.

Kwa hiyo kioo kinavunjika mara tatu mbele yetu. Mara mbili kimevunjwa na ndugu wa nyumbani, na mara zote mbili Laura amelia kwa sauti. Mara moja kimevunjwa na mgeni, na kile kilichovunjika ndicho alichokipenda kuliko vyote, na mara hiyo moja ndiyo anayosema haina shida. Nadhani hakuna haja ya profesa hapo. Wa ndani unaweza kumlilia. Mgeni unamstahi.

Najua kuna atakayenikatalia: mwandishi mwenyewe ameandika, pale anapowataja wahusika, kwamba Laura amekuwa kama kipande cha mkusanyo wake wa vioo, laini mno kuondolewa kwenye rafu. Ni kweli ameandika. Lakini sentensi hiyo iko kwenye kitabu, haiko jukwaani. Mtu aliyelipa tiketi yake haisomi. Anachoona ni mikono: mkono unaopangusa, mkono unaokabidhi, mkono unaoweka mezani. Na jambo moja dogo ambalo nimeliona sasa tu: farasi hakuvunjikia kwenye rafu. Alivunjika kwa sababu aliondolewa pale alipozoea kukaa, akawekwa mezani, na Laura mwenyewe ndiye aliyesema awekwe hapo, kwa utani, kwamba wote wanapenda kubadilisha mandhari mara moja moja.  Alikuwa na furaha. Ndiyo maana inauma.

Nizungumze kidogo juu ya Jim, maana kwetu Jim yuko kila kona. Si mtu mbaya. Anasoma jioni namna ya kuongea mbele ya watu, anaamini televisheni itamtajirisha, na anamwambia Laura ndani ya dakika kumi kwamba tatizo lake ni moja tu, hajiamini. Ndugu zangu, huyo jamaa tumemlipia semina! Amepita Butembo, amepita Beni, ana kipaza sauti na shati jeupe, anauliza vijana wasio na kazi miaka minne kwa nini hawajiamini. Na kama Jim, hasemi uongo wote. Laura kweli anachangamka, anacheza, anacheka. Halafu Jim anambusu, na baada ya busu ndipo anakumbuka kusema kwamba ana mchumba, anaitwa Betty, na lazima akamchukue stesheni.

Laura anafanya nini? Anachukua farasi aliyevunjika, anamweka kwenye kiganja cha Jim, anamfunga vidole. Ukumbusho.

Jibu letu la zamani halina la kusema juu ya tendo hilo. Kama farasi bila pembe ni Laura aliyepona na sasa yuko sawa na wenzake, kwa nini hamrudishi kwenye rafu akakae na hao wenzake aliosema atafurahi nao? Hamrudishi. Alichosema hakukiamini. Kitu kilichovunjika hakina nafasi tena kule, basi kinaondoka na yule aliyekivunja. Jim anakitia mfukoni anaenda kwa Betty. Rafu inabaki na farasi wa kawaida, wote wazima, na pengo moja.

Sipendi uhakiki unaotafuta kila jibu kwenye maisha ya mwandishi, lakini kuna jambo moja hapa ambalo mtu akishalijua hawezi kulisahau. Williams alikuwa na dada mkubwa, Rose, aliyezaliwa 1909. Familia ilihamia St. Louis, baba alifanya kazi kwenye kampuni ya viatu, na Rose alikuwa na wanyama wadogo wa kioo chumbani mwake. Akili yake ilianza kusumbuka, akawekwa hospitali. Mwaka 1943 madaktari walimpasua kichwa, wakakata sehemu ya ubongo, upasuaji ambao siku hizo ulisifiwa kwamba unamtuliza mgonjwa na kumrudisha kuwa mtu wa kawaida. Wazazi walikubali. Kaka yake alikuwa mbali. Rose aliishi chini ya uangalizi wa watu wengine hadi 1996, miaka 13 baada ya kaka yake kufa.

Sasa rudini tena kwa Laura anaposema atajifanya kwamba farasi amepasuliwa ili asijione kituko. Mchezo umechezwa mwaka mmoja na miezi baada ya upasuaji ule. Mkono ulioandika utani huo ulijua upasuaji ni nini na ulijua mtu akishaondolewa "pembe" anakuwa nani. Kusema kwamba hapo Williams anasherehekea dada yake kuwa kama wengine, mimi siwezi tena. Na mimi ndiye niliyeiandika, kwa bic ya bluu, kurasa mbili.

Hata Hollywood walitaka ile baraka iwe kweli. Filamu ya kwanza ya mchezo huu, ya mwaka 1950, ilibandika mwisho wenye matumaini, ambapo Laura anapata mgeni mwingine wa kumpenda. Williams hakuupenda. Wairani nao wameuhamishia kwao, Bahram Tavakoli akatengeneza filamu mwaka 2011 yenye familia ya Kiirani, bila St. Louis. Ndiyo inanifanya nisione aibu kuuhamishia Butembo.

Na kweli tuliwahi kuuhamishia, kidogo. Tulicheza onyesho la saba peke yake, kwa Kiswahili, alasiri moja ya utamaduni, ukumbi umejaa wanafunzi na wazazi wao. Farasi wa kioo tulimtafuta soko lote hatukumpata. Kwenye maduka ya vitu vya Dubai na China kulikuwa na maua ya plastiki, saa zenye picha ya maporomoko ya maji, tembo wa udongo. Mwishowe mwongozaji wetu akasema tutumie kioo cha taa ya petroli. Tulibishana. Kioo cha taa hakina pembe, tulisema. Akajibu kwamba kina kitu kimoja ambacho farasi hana: kila mtu ukumbini amekishika, amekisafisha kwa kipande cha gazeti, na anajua kinavyokatika ukikipiga maji kikiwa moto. Basi Laura wetu akawa msichana anayetunza kioo cha taa ya bibi yake, taa ambayo haiwashwi tena.

Tulipokivunja (tulikuwa na viwili, kimoja cha mazoezi), ukumbi haukulia wala haukucheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sasa hiyo kioo nani atalipa?" Watu wote wakaangua kicheko na sisi jukwaani tukapotea maneno. Tulimchukia mama yule mpaka jioni. Eti ameharibu ishara.

Leo naona alikuwa ameelewa mchezo kuliko sisi. Sisi tulikuwa tumeuliza kioo kinamaanisha nini. Yeye aliuliza hasara ni ya nani. Na ukiuliza hivyo, kila kitu kinajipanga: Jim amevunja, Laura amelipa. Tom amechukua pesa za umeme, nyumba nzima imekaa gizani. Baba amependa kusafiri, Amanda anapiga simu za magazeti. Katika mchezo ule wanaovunja wote ni watu wenye mlango wa kutokea. Anayesema haina shida ni yule asiyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Hapa ningeweza kuishia, lakini nimesema nitasahihisha, na kusahihisha nusu si kusahihisha.

Mimi ni mtoto wa Beni. Mauaji yalipoanza mwezi wa kumi 2014, nilikuwa naelekea kumaliza sekondari. Shamba letu la kakao lilikuwa upande wa Oicha. Papa alienda mara ya mwisho, akarudi bila kuvuna, na tangu siku hiyo shamba likawa neno tu la kutajwa mezani. Yaya yangu alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Mwaka uliofuata mimi nikapata diploma, na pesa zilizokuwepo zilitosha mtoto mmoja. Hakuna aliyemfukuza shule. Hakuna kikao kilichoitwa. Jioni moja yeye mwenyewe akasema, akiwa anachambua mboga, kwamba haina shida, hata hivyo damu ilikuwa inamtia kizunguzungu, uuguzi haukuwa wake, afadhali akae amsaidie mama. Alicheka alipokuwa anasema. Nikaamini. Nilikuwa na miaka 19 na nilitaka sana kuamini.

Nguo zangu za kwenda Butembo nilizibebea ndani ya mkoba wake wa shule. Alinipa mwenyewe, akanifungia zipu. Kilomita 54 nimekaa nyuma ya pikipiki na ule mkoba mgongoni, na mwaka wa mwisho nikaandika, kwa ufasaha, kwamba Laura anamkabidhi Jim farasi aliyevunjika kama ishara ya uhuru wake mpya.

Sijaandika hivyo kusudi mnihurumie au mumhurumie yaya. Ana maisha yake na hataki kuwa mfano wa mtu. Naandika kwa sababu kosa langu la kusoma na kosa langu la nyumbani ni kosa moja. Yote mawili nilichukua adabu ya mtu nikaiita hali yake. Na naona tunalifanya kwa wingi. Tangu vita hivi vianze, na tangu Ebola ile ya 2018 mpaka 2020, neno moja limebandikwa kwenye kila ripoti na kila fulana inayogawiwa Beni: résilience. Wageni wanakuja, wanauliza watu wa Oicha au Mangina mnaendeleaje, watu wanawapa kiti, wanasema tunajikaza, Mungu yupo, haina shida. Inaandikwa: wamejikaza. Inapigwa picha. Sisemi watu hawajikazi. Nasema kwamba mtu akimjibu mgeni aliyekaa kwenye kiti kizuri, jibu lile ni sehemu ya kiti. Na sisi tuliosoma ndio tunaoajiriwa kujaza hizo fomu. Nimejaza mwenyewe, miezi sita, kwa mkataba mdogo, na sikuwahi kuuliza swali la yule mama wa mstari wa mbele.

Basi rudi kwa farasi. Nikiulizwa tena ishara yake ni ipi, sitaanza na Laura wala na mguu wake. Nitaanza na kiganja. Kitu cha kioo jukwaani kinafanya kazi ambayo maneno hayawezi: kinamlazimisha mtu amkabidhi mwenzake kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kama kilivyokuwa. Ndiyo maana lazima kiwe kidogo na lazima kiwe chepesi kuvunjika. Ndani ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein maji ni ya watu wote, wanayaendea vitani pamoja. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando nguzo ni ya kijiji kizima, wanawake wanajaribu kuisimamisha na kila mtu anaiona. Hivyo ni vitu vikubwa, na vikishindwa, hasara inajulikana. Farasi wa Laura anaenea mkono mmoja. Akivunjika, ni watu wawili tu wanaojua, na mmoja wao baada ya dakika chache atakuwa stesheni na mtu mwingine.

Tom peke yake ndiye anayeonekana kujua, na amechelewa. Yeye ndiye anayetusimulia mchezo wote, miaka baadaye, akiwa ametembea miji mingi, na anakiri kwamba akipita usiku mbele ya duka la manukato lenye vichupa vya rangi dirishani, dada yake anamgusa begani. Vichupa vile si vyake, si vya Laura, havijavunjika. Lakini yeye hawezi tena kuona kioo kizima.

Nilimwandikia mdogo asubuhi yake, saa moja kabla ya mtihani, nikamwambia aache lile jibu langu, aandike kwamba Laura anamstahi mgeni, aonyeshe onyesho la tatu, aonyeshe maneno mawili yanayopingana, aulize kwa nini farasi harudi kwenye rafu. Alisoma. Tiki mbili za bluu. Kisha akauliza: "Yaya, na nikiandika hivyo asistanti atanipa ngapi?"

Nikamjibu ukweli, kwamba sijui. Matokeo bado hayajabandikwa.